Emina wa Mostar kwa Kiswahili: shajara ya mradi

11 Januari

Naanza kuandika hii shajara leo nisije nikasahau tulikotoka. Mradi wenyewe ni huu. Kuna shairi la mji wa Mostar, Bosnia, linaitwa Emina, aliliandika Aleksa Šantić mwaka 1902, baadaye likawa wimbo, na sa hivi ukiwa mezani na Wabosnia ukaanzisha mstari wa kwanza tu wenzio watakumalizia. Nataka kulitia kwenye Kiswahili. Si maana yake peke yake, maana yoyote anaweza kuieleza kwa dakika 2, mi nataka liimbike, lihesabike mizani, mjomba wangu alipige kwa udi kule Unguja na mtu asiyejua Bosnia iko wapi akae kimya kidogo.

Ilivyoanza: naishi Vienna mwaka wa sita huu, nafanya kazi jikoni zamu ya usiku, na mwenzangu wa zamu ni mama mmoja wa Mostar aliyekimbia vita mwaka 1993. Wote tunamwita Teta, ndo heshima yao kwa mwanamke mkubwa, kama sisi tunavyosema shangazi. Yeye ananiita sine, yaani mwanangu. Teta akisugua masufuria anaimba, na mi nilikuwa nasikia sauti tu, Kibosnia sijui, mpaka usiku mmoja nikasikia hamama, halafu kituo, halafu imama. Hamamu, nyumba ya kuogea, na imamu! Nikasimama na sahani mkononi. Nikamuuliza, Teta, huyo mtu alikuwa anatoka hamamu? Akazima maji. Akaniambia ndiyo, jioni, anatoka hamamu anapita bustani ya imamu, we umejuaje?

Basi tukakaa mpaka alfajiri anaimba kipande anasimama, mi naandika. Ibrik, birika. Jasmin, asumini. Selam, salamu. Din, dini. Iman, imani. Sultan, sultani. Shairi zima lina beti 5 za mistari minne minne na karibu kila mstari kuna neno ambalo bibi yangu Malindi angelielewa bila mkalimani.

18 Januari

Nimetafuta maandishi kamili na nimehesabu. Kila mstari una mizani 12, 6 kabla ya kituo na 6 baada, kila mahali, hachezi. Vina ni vya mwisho tu, mistari 2 inafungana kisha 2 inayofuata, kina cha kati kwake si sharti. Sisi shairi letu la kawaida ni 8 kwa 8 na vina viwili, cha kati na cha mwisho, kwa hiyo nilipomtumia mjomba hesabu kwenye WhatsApp alichukua siku nzima ndo akajibu. Akasema: mwanangu, usimvalishe kanzu isiyo yake, kama kaandika 6 kwa 6 mpe 6 kwa 6, na kina cha kati muachie. Nimeandika hilo kwenye karatasi nikalibandika juu ya meza.

Teta kila siku ananiletea maneno mengine, imekuwa kama mchezo wetu. Sahan ni sahani, sanduk ni sanduku, fildžan ni finjani, sabur ni subira. Halafu ašik, mtu aliyependa, na kwao kijana kwenda kusimama nje ya dirisha la binti wakazungumza wanaita ašikovanje. Mi nikamwambia sisi tuna ashiki. Akacheka akanipiga bega. Maneno yote haya yametoka kwa Waarabu na Waajemi, wao wameyapata kupitia Waturuki, sisi kupitia bahari, hatujawahi kuonana lakini tunakunywa kahawa kwenye finjani ile ile.

2 Februari

Leo ndo siku aliyofariki Aleksa, 2 Februari 1924, kwa kifua kikuu, hukohuko Mostar alikozaliwa tarehe 27 Mei 1868. Nimeona niandike habari zake leo kwa sababu hapa ndo penye hadithi inayopendwa na ndo penye matatizo yangu.

Hadithi inavyosimuliwa mjini ni hivi. Aleksa ni kijana wa Kiserbia, Mkristo wa Othodoksi, wa nyumba ya wafanyabiashara. Jirani yao ni imamu wa ukoo wa Sefić, na imamu ana binti, Emina. Aleksa kamuona uani anamwagilia maua, moyo ukaenda, dini zikakataa, hakuoa mpaka kafa, kilichobaki ni shairi. Ukimsimulia mtu hivo analia, na mi nililia.

Lakini ukisoma shairi lenyewe hakuna hata mstari mmoja unaosema dini zimekataa. Kinachotokea ni kwamba kijana amepita, kamuona binti, kasalimu, hakujibiwa, upepo ukafungua nywele za binti, kijana nusura aanguke, na binti kamtazama mara moja kwa jicho kali kaendelea na shughuli zake. Basi. Na kitu cha pili, ambacho mi kimenishika kuliko mapenzi: huyo kijana ndani ya shairi anaapa kwa dini na kwa imani, anatoa selam, anataja hirizi ya hodža, mwalimu wao wa dini. Anaongea kama kijana wa Kiislamu wa mtaani. Aliyeandika ni Mkristo, mwaka 1902, wakati nchi yenyewe iko chini ya Austria na Hungaria, na kaingia kwenye ulimi wa jirani yake mpaka viapo. Huwezi kuandika hivo kama hujakaa na watu, hujala nao, hujasikia wanavyoapa wakiwa wamekasirika na wanavyoapa wakiwa wamependa.

Kumbukumbu za maisha yake zinamtaja binti mwingine pia, Anka Tomlinović, Mkatoliki, baba yake mpiga picha, na hapo ndo inasemwa wazi kwamba nyumbani walikataa. Kuoa kweli hakuoa. Mi nadhani watu wa Mostar wamechukua maumivu ya nyumba moja wakayapeleka kwenye bustani ya nyumba nyingine, na siwalaumu, maana bustani ilikuwa na asumini tayari. Ila kwenye tafsiri nimeamua: hadithi nitaisimulia kabla ya wimbo, ndani ya wimbo sitaingiza kitu ambacho yeye hakukiweka.

16 Februari

Ubeti wa kwanza umekubali. Nimeuandika mara 14, hii ndo iliyobaki:

Jana magharibi, natoka hamamu,
nikaupitia, ua wa imamu;
kwenye asumini, kivulini mwana,
kashika birika, yu wima Emina.

Hamamu na imamu zinafungana kwa Kiswahili kama zinavyofungana kwake, hamama na imama, mi sikufanya chochote hapo, zilikuja zenyewe zimeshikana mikono. Mwana na Emina si kina kizuri kama chake, yeye ana jasmina na Emina, silabi 2 zinagongana, mi nina moja tu, lakini kwa sheria zetu ni halali. Nilichopoteza ni kwamba hamamu ilikuwa na joto na imamu alikuwa mzee. Nimejaribu kumrudisha yule mzee kila namna, akiingia yeye mizani inakuwa 7.

Bustani niliiacha kwa sababu tulibishana na mjomba kama ni mizani 3 au 4 tusielewane, ndo nikaja kwenye ua. Halafu nikaona ua kwetu ni kiwanja cha nyumba na pia ni ua lile la kunusa. Nimelala na furaha siku hiyo.

Jina: binamu yangu anasema niandike Amina, kwa sababu Emina ndo Amina wetu huyohuyo, jina la mama yake Mtume, na wasikilizaji watamjua mara moja. Nimekataa. Huyu ni wa Mostar, abaki na jina aliloitwa na mama yake.

Tatizo kubwa limekuwa birika. Niliurekodi ubeti kwa sauti nikautuma nyumbani, na wifi yangu akaniuliza kwa nini anachemsha chai bustanini. Yaani sisi birika imeshakwenda jikoni, ukisema birika mtu anaona mvuke. Wao ibrik ni ile ya shingo ndefu, ya kunawia na kutawadhia, na ya kumwagilia maua. Ubeti wa tatu unasema ni ya fedha, labda hapo wifi ataelewa. Sijabadilisha.

1 Machi

Wiki 2 nzima kwenye ubeti wa pili na bado haujakaa. Unaanza na mshangao, ja kakva je, pusta! Nilimuuliza Teta hiyo pusta maana yake nini akasema ni mahali pasipo na mtu, pakiwa. Nikamwambia lakini hapa anamsifia binti! Akasema ndiyo, unasema hivo pia ukiona kitu kizuri mpaka kinakuuma. Nikakaa nalo. Sisi hatuna neno moja la kubeba yote mawili, tuna "jamani" ya kushangaa na tuna "ukiwa" ya kubaki peke yako, na hazijawahi kukutana.

Halafu anasema hata angekuwa kwa sultani asingeona haya, na akitembea akasogeza mabega, hata hirizi ya hodža haitamsaidia tena anayemtazama. Hirizi ni rahisi, zapis yao ni maandishi ya kinga na mwandishi wake ni mwalimu wa chuoni, sisi tunao hao wala hatuhitaji maelezo. Mabega ndo yameleta vita. Mjomba anataka kiuno. Anasema hakuna mtu pwani atakayepoteza akili kwa ajili ya mabega, mwendo wa madaha uko chini. Mi nimemwambia mjomba, shikamoo, lakini Mostar uko mabegani. Nilimuomba Teta atembee kutoka kwenye friji mpaka mlangoni kama walivyokuwa wanatembea wasichana wa zamani kwao. Ana miaka 60 na kitu, amevaa aproni na viatu vya mpira, akanyoosha mgongo, akatembea, na bega la kushoto likatangulia kidogo kisha la kulia, polepole kama mtu anayepita katikati ya mapazia. Mabega yanabaki.

22 Machi

Ubeti wa tatu ulikuja kwa siku 2 tu, sijui kwa nini, mingine inanitesa huu ukashuka wenyewe:

Natoa salamu, naapa kwa dini,
hakuitikia, wala hanioni;
birika ya fedha, maji katilia,
kenda mawaridi, kuyanyunyizia.

Hapa kwenye mstari wa pili yeye analitaja jina na kumwita mzuri, lijepa Emina, mi limenitoka, nitamlipa kwenye ubeti wa tano ambapo jina linarudi tena.

Nilidhani ubeti huu utakuwa mwepesi kwa wasikilizaji wetu lakini umezua mjadala nyumbani ambao sikuutegemea. Bibi, ambaye ameusikia mara moja tu kwenye simu, akauliza: kwa nini hakuitikia salamu? Kuitikia ni wajibu. Mjomba akamjibu kwamba binti wa imamu yuko peke yake uani, kijana wa njiani kasimama anatoa macho, hana deni naye lolote. Bibi akasema basi ndo maana kamtazama kwa jicho kali mwishoni, alimsikia tangu mwanzo. Nimefurahi sana kwa hilo. Maana ukilisoma shairi kwa macho ya Kizungu unaona binti mkavu tu anayeringa, lakini ukilisoma uani kwa bibi unaona binti ana adabu yake na anajua alipo, na anayekosa hapo ni kijana.

12 Aprili

Nimerudi kutoka Mostar jana. Basi la usiku mpaka Sarajevo halafu treni, ambayo inashuka milimani na kuufuata mto Neretva kama saa 2 hivi, mto wa kijani ambao sijaona maji ya rangi ile popote, na ni baridi, niliingiza mkono nikautoa.

Daraja la Kale nimelivuka mara nyingi sikuhesabu. Lilikamilishwa mwaka 1566 na fundi wa Kituruki Mimar Hayruddin, upinde mmoja wa mawe, na jina la mji linatokana na hao mostari, walinzi wa daraja. Tarehe 9 Novemba 1993 likaangushwa kwa mizinga, likajengwa upya kwa mawe ya aina ileile na kufunguliwa Julai 2004. Teta aliondoka kabla halijaanguka, aliliona likianguka kwenye televisheni akiwa kambini na mtoto mgongoni. Aliniagiza kitu kimoja tu, niende nikaweke kiganja kwenye jiwe la ukingo nimwambie kama lina joto. Lina joto. Aprili tu na tayari lilikuwa na joto.

Hamamu ya zamani ipo, karibu na daraja upande wa viwanda vya zamani vya ngozi, ina makuba madogo juu. Kwa hiyo njia ya kijana ni njia ya kweli, mtu anaweza kuitembea. Na Emina yupo mjini, sanamu ya shaba nyeusi, waliiweka mwaka 2010, kasimama na ibrik mkononi. Kuna msichana alikuja akaweka mkono wake juu ya mkono wa sanamu, rafiki yake akampiga picha, wakaenda. Mi nilikaa pale kwenye kiti nikamsomea beti 2 kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo.

Kwenye uchochoro wa mafundi shaba, Kujundžiluk, nimenunua ibrik. Si ya fedha, ni shaba nyekundu imepakwa bati ndani. Sasa naiangalia hapa mezani. Tumbo lake kama komamanga, shingo nyembamba, kifuniko chake kina kikuba kidogo na bawaba, mkono umepinda kama sikio, na mdomo wake unatoka chini tumboni unapanda juu kwa mkunjo kama shingo ya korongo. Jana usiku nilipofika tu niliijaza maji nikaenda kumwagilia chungu cha asumini cha Teta kwenye roshani yake. Maji yanatoka uzi mwembamba, mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho, na ukitaka yaende haraka hayaendi, yanamwagika kwenye kifuniko, lazima uinamishe taratibu na ukae hapohapo. Chungu kimoja kilinichukua dakika nzima na zaidi.

Ndo nikaelewa shairi. Bustani nzima ya mawaridi kwa chombo kile ni kazi ya jioni yote, kuinama, kunyooka, kurudi kuchota, kuinama tena. Kijana alikuwa na muda. Yule binti hakupita mbele yake kama upepo, alikuwepo, mbele ya macho, kwa muda mrefu, na hakugeuka. Nikafungua daftari nikafuta kuyanyunyizia. Kunyunyizia ni matone, ni mkono unarusha. Ibrik hairushi, inamimina. Kenda mawaridi, kuyamiminia. Mizani ileile 6, kina kilekile, na sasa ni kweli.

3 Mei

Beti 2 za mwisho, na uchovu.

Kwenye wa nne upepo unazifungua nywele zilizosukwa, zikanukia kama zumbul za buluu. Zumbul ni ua la majira ya kuchipua, lina kishada kizito na harufu kali, na kwetu halioti wala halina jina la kila siku. Binamu yangu kapendekeza kilua. Harufu ya kilua inatosha kabisa na neno ni tamu, kila mtu wa pwani atalisikia puani, lakini nikiliweka tu nimemhamishia Emina Lamu, na kesho nitamvalisha buibui. Nimeandika zumbuli. Atakayetaka kujua atauliza, kama mimi nilivyouliza hamamu.

Wa tano una alčak, tusi la kubembeleza, mtundu, mjanja asiye na huruma. Nimelipata neno ayari na nimeridhika nalo, la zamani kidogo lakini liko hai. Neno lililonishinda ni la mwisho kabisa, crko. Maana yake nimekufa, ila ni kufa kwa mnyama, Teta alisema mtu mwenye heshima hasemi hivo mbele ya wakubwa. Sisi tunalo, kufa kibudu. Niliandika mstari wenye kibudu na ulikuwa mkali, unachoma. Mjomba akasema mwanangu, wimbo huu utaupiga kwenye harusi, ukumbi umejaa kina mama, utasema kibudu? Nimepigania siku 3 nikashindwa, na sasa uko hivi:

Kanikata jicho, mara moja tosha,
hajali ayari, roho yanikwisha.

Kukata jicho kumebeba ule mtazamo wa giza vizuri kabisa, hapo sina deni. Kwenye roho yanikwisha nina deni na nalijua.

Neno sevdah, aina ya nyimbo hizi, Teta alinieleza kwa kushika kifua. Asili yake ni Kiarabu, sawda, nyongo nyeusi ambayo matabibu wa zamani waliamini ndo inayoleta huzuni mwilini, Waturuki wakaifanya mapenzi, Wabosnia wakaziacha zote mbili ndani ya neno moja. Mwaka 2024 UNESCO wameiingiza sevdalinka kwenye orodha ya urithi. Mjomba alisikiliza nyimbo tano nilizomtumia, akasema kwenye mbili tatu anayasikia mahadhi ya Hijazi, na kodiani yao inavuta pumzi kama ya vikundi vyetu vya taarabu. Pia aliniambia kitu nilikuwa sijakifikiria, kwamba Ikhwani Safaa walianzisha klabu yao ya taarabu Unguja mwaka 1905, miaka 3 tu baada ya Emina kuandikwa, na Aleksa naye alikuwa mtu wa chama cha uimbaji pale Mostar, Gusle. Vijana wa miji miwili wanatoka kazini jioni wanakwenda mazoezini.

Na hawa Wabosnia wana tabia ya kuchukua shairi la mtu mpaka wakasahau kwamba lina mwenyewe. Ule wimbo wao wa binti wa sultani na mtumwa kando ya chemchemi, Kraj tanahna šadrvana, watu wanadhani ni wa mababu, kumbe ni shairi la Heine, Mjerumani, Der Asra, limo kwenye kitabu chake Romanzero cha mwaka 1851, na mtumwa mwenyewe ni Mohamet wa Yemen wa kabila lile ambalo wakipenda wanakufa. Umetoka Uarabuni kwa hadithi, ukaenda Ujerumani, ukashuka Bosnia ukawa wa mtaani. Emina amefanya safari fupi kuliko huo.

27 Mei

Siku ya kuzaliwa ya Aleksa, na tumerekodi. Jikoni kwa Teta, siyo studio, tulijaribu studio wiki iliyopita sauti yangu ikatoka kavu na fundi alifuta faili kwa bahati mbaya, kazi ya saa 4 ikapotea. Jikoni ni bora. Mjomba alishatuma udi wake kutoka Unguja, nimeuweka kwenye spika ndogo juu ya friji, nikaimba.

Kuna ubeti wa sita ambao si wa Aleksa. Himzo Polovina, mwimbaji wa Mostar ambaye kazi yake ilikuwa daktari wa magonjwa ya akili, ndo aliyeuingiza kwenye wimbo. Inasimuliwa kwamba alimpelekea habari mshairi wa kike wa mjini kwao, Sevda Katica, kwamba Emina amefariki, na yule mama akatamka mistari minne palepale: mshairi amekufa, Emina amekufa, bustani ya asumini imebaki pusta, ibrik imevunjika, maua yamenyauka, wimbo hautakufa. Neno pusta lile lile. Kwenye ubeti wa pili lilikuwa mshangao wa kijana, kwenye wa sita ni ukiwa wa kweli.

Nilikuwa nimeutafsiri, mizani imekaa, uko kwenye daftari. Nilipomaliza wa tano nikavuta pumzi niuanze, nikamuona Teta. Kiswahili hajui, alikuwa amekaa na mikono juu ya meza, na kila likipita neno alilolijua alikuwa anainua kidole kimoja, hamamu, imamu, birika, salamu, dini. Sasa alikuwa amefumba macho na mdomo umeshafunguka. Nikanyamaza. Udi wa mjomba ukaendelea na Teta akauimba wa sita kwa Kibosnia mpaka mwisho, hakuharakisha, na kwenye ibrik iliyovunjika sauti ilikatika kidogo akairudisha.

Sijaukata huo mkato. Ubeti wa sita unabaki kwa sauti yake na kwa lugha yake, wangu nimeufungia kwenye daftari. Faili nimemtumia mjomba saa 5 usiku, Unguja ilikuwa saa 6. Amejibu kwa sauti, maneno machache: nimemwita bibi asikilize, kauliza huyo mama wa mwisho ni nani, nimemwambia ni wa Mostar, kasema mrudishe tena.

Bado ubeti wa pili. Mabega yamekaa, mstari wa sultani una mizani 13.